Nalala sakafuni ili kitanda kisivurugike

Shikamoo Mshauri,

Nina miaka 19 na niko wiki ya 4 kwenye chuo cha kijeshi. Bweni letu lina watu 12 kwenye vitanda 6 vya deka. Mimi niko juu, karibu na mlango. Taa zinazimwa saa 4 usiku. Filimbi inapigwa saa 11 alfajiri, tunatoka kukimbia, tunarudi saa 12, na saa 12:30 mkufunzi anaingia kukagua.

Kitanda changu hakijawahi kupita. Kila siku mashuka yanatupwa chini na naambiwa nianze upya. Tangu wiki ya 2, nikishakitandika jioni sikigusi tena. Nalala sakafuni juu ya koti la mvua, na bado asubuhi kinakutwa na kasoro. Buti nang'arisha kwa tochi mpaka saa 5 usiku, lakini ikifika mchana dawa imeshapasuka kwenye mkunjo. Visigino vina malengelenge. Darasani, hasa kipindi cha ramani, nasinzia kalamu ikiwa mkononi.

Nikikosea, bweni zima linapigishwa pushapu. Wenzangu wameanza kuninyamazia, na mmoja ameniita mzigo. Halafu kuna mkongwe wa mwaka wa juu ananipa nguo zake nifue, na wiki iliyopita alidai hela, eti ya kunilinda. Mama akipiga simu namwambia niko salama.

Nimeshachukua fomu ya kuacha mafunzo ila sijaijaza. Je, mimi sifai, au kuna kitu nakosea?

Kuruta wa Kitanda cha Juu

*

Marahaba, kijana wetu.

Tuanze na swali lako la mwisho. Katika yote uliyoandika hakuna hata moja linaloonyesha kwamba hufai. Yanaonyesha kwamba unafanya peke yako kazi ambayo ratiba imepangwa makusudi ili mtu mmoja asiimalize. Piga hesabu: kuoga na kunyoa ndevu dakika 8, kuvaa 5, kitanda 12 kwa kasi yako ya sasa, kabati 5, sehemu yako ya usafi wa bweni 10. Hizo ni dakika 40, na ulizo nazo ni 30. Wakufunzi wanaijua hesabu hiyo vizuri sana. Wanachotazama ni bweni lipi litagundua mapema kwamba kazi zinagawanywa na nyingine zinahamishiwa usiku.

Leo usiku rudi kitandani. Sakafu inanyonya joto la mwili, kwa hiyo unaamka mara kwa mara hata kama hukumbuki, na huenda chuo chako kinahesabu kulala nje ya kitanda kuwa kosa. Ubaya mkubwa zaidi ni kwamba kitanda usichokilalia huwezi kujifunza kukitandika haraka. Kinakaa usiku kucha, asubuhi mtu anapita na kukigusa kwa bega, shuka la chini ambalo halikukazwa linalegea, na wewe hujui uanzie wapi kurekebisha.

Kasoro nyingi zinatokana na shuka la chini. Likilegea, kila kinachowekwa juu yake kitafanya mikunjo, hata ukinyoosha blanketi kwa saa nzima. Sogeza godoro likae katikati ya chaga. Tandaza shuka hadi lining'inie sawasawa kulia na kushoto. Chomeka kwanza upande wa miguuni na wa kichwani, kisha ndiyo uende kwenye pembe. Ukianza na pembeni, kitambaa kinarundikana kwenye kona na kutengeneza uvimbe ambao mkufunzi anauona tangu mlangoni.

Kwenye pembe, shika ukingo wa shuka linaloning'inia, kama sentimita 35 kutoka kwenye kona, uuinue na kuulaza juu ya godoro. Utaona pembetatu yenye mshazari wa nyuzi 45. Kipande kilichobaki kikining'inia chini kichomeke. Sasa weka kiganja kimoja bapa kwenye ubavu wa godoro, palepale konani, teremsha ile pembetatu juu yake, ivute ikaze, ndipo uichomeke kwa mkono wa pili. Wengi wanaondoa kiganja kabla ya kuchomeka, mshazari unafunguka na kona inakuwa duara. Na unapochomeka, tumia mkono ulionyooka, kiganja kikitazama chini, kisha uutoe kwa kuuburuza kufuata urefu wa godoro. Vidole vilivyokunjwa vinarudi na shuka.

Shuka la juu na blanketi vichomekwe pamoja miguuni kama kitu kimoja. Upana wa mkunjo wa kichwani uko kwenye maagizo ya chuo; upime kwa rula mara moja tu, halafu utafute kipimo chake kwenye mkono wako, kwa mfano kutoka ncha ya kidole gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho. Rula hutakuwa na muda wa kuitafuta saa 12 na dakika 20. Kama chuo kinaruhusu vishikizo au mikanda ya mpira chini ya godoro, funga pembe nne za shuka la chini na usilifungue mpaka siku ya kufua.

Namna ya kulala ndiyo itakayokutoa sakafuni. Usifunue kitanda. Legeza upande mmoja tu karibu na mto na uingie kwa kuteleza, kama barua inavyoingia kwenye bahasha. Miguuni na upande wa pili vibaki vimechomekwa. Asubuhi toka kwa njia hiyohiyo. Kitakachohitaji kazi ni upande mmoja na mkunjo wa kichwani. Na kwa kuwa uko deka ya juu, usijaribu kuvuta shuka ukiwa upande mmoja umening'inia. Shirikiana na mwenzako wa chini: mmoja kulia, mmoja kushoto, malizeni chako kisha chake. Wawili waliozoea wanamaliza kitanda kwa dakika 3 hivi.

Mkufunzi akikivuruga tena, usibaki kimya. Kule West Point, chuo cha kijeshi cha Marekani, kuruta wamezoeshwa majibu manne tu: ndiyo, hapana, sina kisingizio, na sijaelewa. La nne ndilo linalosahaulika. "Afande, sijaelewa kosa liko wapi" ni sentensi ya heshima, na mara nyingi utaonyeshwa kwa kidole: kona ya kushoto, au mto umegeukia mlangoni. Umekuwa ukitengeneza kitanda kizima upya wakati pengine kosa ni lile lile moja kila siku.

Mambo ya usiku sasa. Kuanzia saa 2:30 hadi saa 3:30 ndiyo saa yako ya kazi, na baada ya hapo funga kila kitu. Kombati ya kesho itundikwe kwa mpangilio wa kuvaa, mkanda uwe tayari kwenye suruali, soksi ndani ya buti, chupa imejazwa maji. Kama ndevu zako bado ni chache, nyoa usiku, asubuhi uguse palipobaki. Oga vizuri usiku. Ukirudi kukimbia jimwagie maji dakika 3 tu. Hapo peke yake umeokoa dakika 5 au zaidi za asubuhi bila kumwomba mtu chochote.

Zilizobaki zinaokolewa na bweni. Watu 12 hawahitaji wote kushika fagio. Wawili wafagie na kupiga deki, wawili waende bafuni na chooni, mmoja madirishani, mmoja kwenye mapipa na nje ya mlango, wengine wamalizie vitanda vya hao waliotoka. Mmoja, mwenye jicho kali kuliko wote, awe mkaguzi wenu dakika 5 kabla ya mkufunzi. Apitishe kitambaa cheupe juu ya kabati, juu ya fremu ya mlango, kwenye vyuma vya vitanda na juu ya swichi ya taa, kwa sababu huko ndiko vidole vya mkufunzi vinakokwenda. Zingatieni mpangilio: vitanda kwanza, kufagia kunafuata, deki mwisho kabisa kuanzia ndani kuelekea mlangoni. Mabweni mengi yanapiga deki mapema, halafu nyuzi za blanketi zinaanguka kwenye sakafu yenye maji na kuganda, na mkufunzi anakuta uchafu ambao kila mtu anaapa aliusafisha.

Kuhusu wenzako, usiwaombe msamaha wa jumla, hauwasaidii kitu. Wape ombi moja lenye saa, na ulipe kwa kazi: "Nani atanionyesha kona ya shuka leo saa 3? Nitampigia pasi kombati yake." Anayekuita mzigo ndiye wa kumwomba kwanza. Akikubali, kuanzia kesho kitanda chako kina mkono wake, na ni vigumu mtu kudharau kazi yake mwenyewe.

Buti zinapasuka kwa sababu unaweka nta mahali panapokunjika. Dawa ya viatu ikikauka ni ngumu na haina mnyumbuko. Kwenye mkunjo wa vidole lazima ivunjike kwa hatua za mwanzo tu. Kung'arisha kwa kioo ni kwa ncha ya mbele na kisigino. Sehemu nyingine zote paka kidogo, piga brashi, basi. Anza kwa kutoa tabaka za zamani na vumbi lililo kwenye mshono wa soli, mswaki mkuukuu unafaa. Paka tabaka jembamba, subiri dakika 10, piga brashi. Kisha kaza kitambaa cha pamba kwenye vidole viwili, gusa dawa kidogo, tone moja la maji, zungusha kwa miduara midogo bila kukandamiza. Tabaka moja au mawili kila jioni kwa siku kadhaa yanashinda tabaka nene la usiku mmoja. Ukiona ukungu badala ya mng'ao, maji au dawa vimezidi, au kitambaa kina vumbi. Usikaushe kwa moto: ngozi inapasuka na gundi ya soli inaachia. Na kama mmepewa buti za ngozi yenye manyoya, zile zisizong'aa, usizipake dawa kabisa. Zinahitaji brashi kavu tu.

Malengelenge yana sababu tatu zinazokutana: msuguano, unyevu, na kisigino kinachopanda na kushuka ndani ya buti. Unapovaa, gonga kisigino sakafuni kirudi nyuma, kaza kamba sana kwenye kifundo, legeza kidogo juu ya vidole. Vaa soksi mbili, nyembamba ndani na nene nje, ili zisuguane zenyewe badala ya kusugua ngozi. Soksi za pamba tupu zinashika jasho. Kama ndizo ulizo nazo, badilisha mchana. Ukihisi joto mahali pamoja, bandika plasta hapohapo. Ukisubiri mwisho wa matembezi umechelewa. Lengelenge lisilopasuka lifunike na uliache. Lililopasuka lisafishe, usibandue ngozi yake, lifunike. Usaha, mstari mwekundu unaopanda mguuni, au homa: zahanati siku hiyohiyo. Bafuni vaa kandambili, kausha katikati ya vidole vya miguu, na taulo usimwazime mtu hata akiwa rafiki wa kufa na kuzikana, kwa sababu fangasi na upele vikiingia kwenye bweni la watu 12 vinapita kitanda hadi kitanda.

Kwa kuwa umeshaitwa mzigo, tunahofia utaanza kuficha maumivu. Yapo maumivu ambayo hayavumiliwi. Maumivu ya mfupa wa goti kwenda chini yanayokaa mahali pamoja unapopagusa kwa kidole, na yanayoendelea hata ukiwa umelala, yanaweza kuwa ufa wa mfupa. Ukiendelea kukimbia nao, unaweza kuvunjika kabisa. Mkojo wa rangi ya kahawia iliyokolea baada ya adhabu au mazoezi makali ni dalili kwamba misuli inavunjika na figo ziko hatarini. Mwenzako akianza kuropoka au kuyumba kwenye joto, mpelekeni kivulini, mmwagieni maji mwili mzima na muite msaada papo hapo. Na wewe ukiumwa, ripoti asubuhi kwamba unaumwa, mbele ya kila mtu, bila aibu.

Usingizi. Kati ya saa 4 na saa 11 kuna saa 7, na mtu wa umri wako anahitaji 7 hadi 9. Hakuna ziada ya kuchezea. Tochi na buti chini ya blanketi zimekuwa zikikula saa nzima, na sakafu imekula nyingine. Chai kali au kahawa ziishie mchana. Mkipewa mapumziko baada ya chakula, lala dakika 20 tu. Ukizidisha utaamka mzito. Darasani ukihisi kichwa kinaanguka, omba ruhusa usimame nyuma. Vyuo vingi vinakubali, na ni bora kuliko kukamatwa. Mwanga wa mlangoni unazuiwa na kitambaa machoni. Vizibo vya masikio ni sawa, mradi mwenzako wa chini ameahidi kukutikisa filimbi ikilia.

Sasa huyo mkongwe. Amri za mkongwe kuhusu mavazi, usafi, kwata au nidhamu zitii, hata zikikukera. Kumfulia nguo si mafunzo. Kufua na kupiga pasi ni kazi ya kila askari kwa vitu vyake mwenyewe. Sandhurst, chuo cha kijeshi cha Uingereza, maofisa wanafunzi hufika siku ya kwanza wakiwa wamebeba ubao wa kupigia pasi. Na hela "ya ulinzi" ni unyang'anyi, jina lingine halina. Usidhani ni mila ambayo lazima kila jeshi liifumbie macho. West Point, chuo kilichoanzishwa mwaka 1802, kiliwahi kufikishwa mbele ya kamati ya Bunge la Marekani kwa manyanyaso ya namna hii baada ya kifo cha Oscar Booz, aliyekuwa mwanafunzi wake, mwaka 1900, na mwaka 1901 Bunge hilo likayapiga marufuku kisheria.

Usitoe hela. Usigombane naye wala usimtishie. Andika kwenye daftari tarehe, saa, mahali, maneno aliyosema na nani alikuwepo. Andika siku hiyohiyo, kumbukumbu ya wiki mbili nyuma ni rahisi kupingwa. Ulizia kimyakimya kama kuna mwingine anayedaiwa, maana mtu wa aina hii huwa hana mteja mmoja. Kisha nendeni wawili kwa mkufunzi wa platuni yenu, muda wa kazi, mkiomba kuonana naye kwa utaratibu. Akilipuuza, au akiwa yeye ni sehemu ya tatizo, ngazi inayofuata ni kamanda wa kombania. Pembeni yake kuna daktari na kiongozi wa dini wa kikosi, ambao si sehemu ya mnyororo wa amri zako za kila siku. Akikupiga au kukugusa vibaya, usingoje ngazi: nenda kwa ofisa wa zamu usiku huohuo na uombe tukio liandikwe kwenye kitabu cha zamu.

Mama usimdanganye, wala usimmwagie kila kitu baada ya adhabu. Chagua siku ya mapumziko, mwambie jambo moja gumu na moja lililokwenda vizuri. Mzazi anayesikia "niko salama" kila wiki kwa sauti ileile ndiye anayekosa usingizi.

Fomu iweke chini ya kabati kwa wiki mbili, ambazo utalala kitandani na kitanda kitatandikwa na watu wawili. Kuacha si aibu, lakini uamuzi uliofanywa na mtu asiyelala vya kutosha unafanywa na uchovu. Wiki hizo zikiisha na bado hupendi kazi yenyewe, yaani ramani, silaha, kuongoza watu, hiyo ni sababu ya kweli ya kuondoka. Usingizi ukikataa hata taa zikizimwa mapema, chakula kisipopita, au ukianza kuwaza kujidhuru, usingoje wiki mbili. Nenda kwa daktari leo na umwambie kwa maneno hayohayo. Na kabla ya kutia saini, soma mkataba wako mahali panapotaja tarehe ya mwisho ya kuondoka bila kudaiwa gharama za mafunzo, na uombe ofisi ya utumishi ikuandikie jibu kwenye karatasi.